Waliopima Upepo wa Mbali

Mwaka 1964, katika maabara moja jijini Stockholm, mkemia Sören Jensen alikuwa akitafuta DDT, dawa ya kuua wadudu. Kazi yenyewe haikuwa ngeni. Unachukua mafuta ya samaki, ya ndege au ya binadamu, unayasafisha, kisha unayapitisha kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, nayo inachora mstari kwenye karatasi. Kila kemikali inapofika mwisho wa safari yake ndani ya mashine, mstari hupanda na kushuka, ukiacha kilima. Kilima cha DDT Jensen alikiona, lakini kando yake vilijipanga vilima vingine vingi visivyo na jina. Vilikuwemo kwenye samaki wa maziwa ya Sweden. Vilikuwa vikubwa kupita kiasi kwenye tai mkia-mweupe aliyeokotwa amekufa katika visiwa vilivyo jirani na jiji.

Jensen akaenda kwenye hazina ya makumbusho na kupata manyoya ya tai yaliyokusanywa tangu 1888. Aliyapima yote. Manyoya ya kale hayakuwa na kitu, na dutu ile ilianza kuonekana kwenye manyoya ya mwaka 1944, wakati ambapo DDT ilikuwa bado haijaenea nchini humo. Basi haikuwa DDT, wala mabaki yake. Mwishoni mwa 1966 alitangaza jina lake: PCB, mafuta ya kutengenezwa yenye klorini yaliyoanza kuuzwa mwaka 1929 na kutiwa kwenye transfoma, kapasita, rangi na karatasi za nakala. Aliikuta kwenye nywele zake mwenyewe, za mkewe na za binti yao mchanga, na akaona kwamba mtoto aliipata kupitia maziwa ya mama.

DDT ilikuwa ikimwagwa kwa makusudi, mashambani na kwenye kuta za nyumba, na kila mtu alijua hivyo. PCB hakuna aliyeipulizia popote. Nyingi ilikaa ndani ya vyombo vya chuma vilivyofungwa, na bado ilikuwa imeshafika kwenye tai na kwenye nywele za mtoto. Tangu siku hiyo swali la wanasayansi halikuwa tena nani amepulizia nini. Walitaka kujua ni kwa njia gani vitu hivi vinasafiri.

Kilichowezesha kuviona kilikuwa kifaa kidogo alichobuni Mwingereza James Lovelock mwaka 1957, kinachonasa elektroni. Kifaa hicho huona kwa urahisi molekuli zenye klorini hata zikiwa kidogo mno, kiasi cha nanogramu, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu, au pungufu ya hapo. Na klorini ndiyo chanzo cha shida yote. Molekuli iliyofungwa kwa atomi nyingi za klorini haivunjwi kwa urahisi na jua wala na bakteria. Maji haiyapendi, mafuta inayapenda, kwa hiyo huingia mwilini na kubaki. Tena huvukiza, polepole, kwenye joto la kawaida la siku. Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyochelewa kupewa uzito.

Mwaka huohuo wa 1966, William Sladen na wenzake walichapisha habari kwamba wamekuta mabaki ya DDT kwenye mafuta ya pengwini wa Adelie na sili mmoja wa Antaktika, bara lisilo na shamba hata moja. Miaka miwili baadaye kundi la Robert Risebrough likatoa matokeo kutoka Barbados. Walikuwa wametandaza nyavu za nailoni kwenye pwani inayotazama Atlantiki, zikikamata vumbi linaloletwa na pepo za biashara kutoka upande wa Afrika na Ulaya. Kwenye vumbi hilo walikuta dawa za kuua wadudu. Dunia ilikuwa imezoea kufikiri kwamba sumu inafuata mto hadi baharini. Sasa kulikuwa na ushahidi kwamba upepo unaivusha bahari nzima.

Hata hivyo vumbi lilikuwa sehemu ndogo tu ya habari. Terry Bidleman na Charles Olney wa Chuo Kikuu cha Rhode Island ndio waliogundua hilo, na kazi yao inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu wengi wanaopima sumu hizi hewani hadi leo wanafuata njia yao.

Walikwenda Bermuda na kwenye maji ya Bahari ya Sargasso, katikati ya Atlantiki ya Kaskazini. Badala ya wavu, walitumia pampu. Hewa ilivutwa kwanza kupitia kichujio cha nyuzi za kioo kinachozuia vumbi lote, halafu ikapitishwa kwenye vipande vinene vya sponji ya poliyurethani, sponji ileile inayotiwa kwenye magodoro. Mantiki yao ilikuwa rahisi. Kama sumu imebebwa na vumbi, itabaki kwenye kichujio. Kama inasafiri ikiwa mvuke, itapenya kichujio na kunaswa na sponji. Matokeo waliyochapisha mwaka 1974 yalionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya PCB ilipita kwenye kichujio bila kusita na kukutwa ndani ya sponji. Waliopima vumbi peke yake walikuwa wamepima kijisehemu tu cha mzigo.

Tatizo lililowasumbua watu wa kizazi kile lilikuwa meli yenyewe. Rangi ya meli ya miaka hiyo ilikuwa na PCB. Mafuta ya mitambo ya kunyanyulia mizigo yalikuwa na PCB. Kapasita za taa kwenye vyumba vya maabara zilikuwa na PCB. Mtu anashusha chombo baharini kutafuta nanogramu moja kwenye lita ya maji, huku amesimama juu ya chuma kinachotoa kitu hichohicho mchana na usiku. Vipimo vingi vya mwanzo vya maji ya bahari kuu vilitoa namba kubwa, na kadiri mbinu zilivyoboreka namba hizo zikazidi kushuka. Si kwamba bahari ilikuwa imesafishika haraka hivyo. Watu walikuwa wamejifunza kutopima meli zao.

Dawa yao ilikuwa sampuli tupu. Unaandaa sponji kama zile nyingine, unaifunga, unaipakia melini, unaifungua pale mnapofanyia kazi na kuifunga tena bila kuvuta hewa, kisha unairudisha maabara na kuipima pamoja na wenzake. Chochote kitakachokutwa humo hakikutoka angani. Kimetoka mikononi mwako, kwenye kifungashio, au kwenye meli. Kiasi hicho unakiondoa kwenye hesabu, na kama ni kikubwa kukaribia kile cha sampuli halisi, unaitupa safari nzima. Sioni sehemu nyingine ya sayansi hii inayostahili heshima zaidi ya hiyo sponji ambayo haikufanya kazi yoyote.

Bidleman hakuishia Atlantiki. Mwaka 1982, akiwa na mwenzake, alichapisha vipimo vya hewa juu ya Bahari ya Hindi ya kaskazini na bahari zinazopakana nayo, eneo ambalo upepo wake watu wetu wanaujua kwa majina ya kaskazi na kusi. Wajapani nao walikuwa wameshaingia kazini. Kutoka Chuo Kikuu cha Ehime, mjini Matsuyama, Ryo Tatsukawa na Shinsuke Tanabe waliunganisha safari za meli mbalimbali za nchi yao na kupima hewa na maji kutoka Pasifiki ya Kaskazini hadi Antaktika. Ramani waliyoichapisha pamoja na Hisato Iwata mwaka 1993, kutokana na safari za 1989 na 1990, ilionyesha mpangilio ambao wengi hawakuutarajia. DDT ilionekana zaidi kwenye hewa ya nchi za joto, jirani na kule inakotumika. HCH, dawa ambayo wakulima wa zamani waliijua kama BHC, ilikuwa nyingi kwenye maji baridi ya kaskazini, mbali kabisa na mashamba ya India na China ilikopulizwa.

Maelezo ya jambo hilo yalikuwa yakipikwa kwa muda mrefu. Edward Goldberg wa taasisi ya Scripps, California, aliligusa mwaka 1975. Mwaka 1993 Frank Wania na Don Mackay huko Canada waliliweka wazi. Kemikali hizi huvukiza mahali pa joto, husafiri na hewa, na hewa ikipoa zinashuka ardhini au majini. Msimu ukibadilika na joto likipanda, zinanyanyuka tena na kusogea mbele. Nyepesi hufika mbali, nzito hubaki njiani. Ncha ya dunia ndiyo kituo cha mwisho, kwa kuwa hapo hapana joto la kutosha la kuzinyanyua tena.

Waliokuwa wakiishi kwenye kituo hicho cha mwisho hawakuwa wameambiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, daktari Éric Dewailly wa Quebec alikuwa akichunguza maziwa ya akina mama wa kusini mwa jimbo hilo, akahitaji maziwa ya mahali safi ili alinganishe. Akachagua Nunavik, kaskazini, nchi ya Wainuiti, ambako hakuna viwanda. Matokeo yalipotoka, maziwa ya mahali palipodhaniwa safi yalikuwa na PCB takriban mara 5 ya yale ya kusini. Wainuiti hula mafuta ya sili na nyangumi, na kwenye mafuta hayo ndiko sumu ya mabara mengine hurundikana, kutoka vijimea vya baharini hadi samaki, kutoka samaki hadi sili, kutoka sili hadi mama, na kutoka mama hadi mtoto. Mama aliyefanya kila alichofundishwa na wazee wake, na kunyonyesha kama kila daktari anavyoshauri, ndiye aliyebeba gharama ya kapasita za miji ambayo hakuwahi kuiona. Ni dhuluma, na sina neno laini zaidi la kuiita.

Canada ilianzisha mpango wa kuchunguza sumu za kaskazini mwaka 1991, na Januari 1992 mashine ya kuvuta hewa ikaanza kazi Alert, kwenye kisiwa cha Ellesmere, kituo cha kijeshi kilicho kwenye nyuzi 82 na nusu kaskazini. Kila wiki ilivuta mita za ujazo zaidi ya 10,000 za hewa kupitia kichujio cha kioo na sponji mbili. Wiki hata wiki, kiangazi kisicho na usiku na majira ya baridi yasiyo na mchana, lazima awepo mtu wa kutoka nje kubadilisha sponji, kuzifunga, kuandika tarehe na kuzipeleka kusini zikapimwe. Norway ilifanya vivyo hivyo kuanzia mwaka 1993 kwenye mlima Zeppelin, Svalbard. Safari moja ya meli inakuambia sumu iko wapi leo. Kituo kinachokaa mahali pamoja miaka mingi ndicho kinachoweza kukuambia kama sheria zinafanya kazi.

Jibu la kwanza kubwa lilihusu HCH. Dawa hii ilikuwa imetumika duniani kiasi cha takriban tani milioni 10 kwa nusu karne. China iliacha mwaka 1983. India na Umoja wa Kisovyeti zikaibana karibu mwaka 1990. Katika hewa ya Aktiki kiwango kilishuka, na kilishuka kwa ngazi, kikifuata tarehe hizo. Uamuzi uliofanyika Beijing ulisomeka kwenye hewa ya barafuni. Kwa aliyewahi kuambiwa kuwa nchi moja haiwezi kubadili chochote, hapo kuna ushahidi wa kinyume chake.

Bahari lakini ilikuwa na deni lake. Kwa miongo kadhaa hewa iliyojaa HCH ilikuwa ikiisukuma majini, na maji baridi huishika gesi hiyo kwa nguvu kuliko maji ya joto. Vipimo vya mwaka 1988 kwenye Bahari za Bering na Chukchi vilionyesha kwamba bado inaingia. Mwaka 1993 Bidleman na Liisa Jantunen walikuta mkondo umegeuka. Hewa sasa ilikuwa safi kuliko maji, na bahari ilikuwa ikiitema.

Walijuaje kuwa kilichomo hewani kimetoka majini na si kwa mkulima wa mbali? Hapa pana ujanja wa kisayansi wa kupendeza. Molekuli za alfa-HCH, namna mojawapo ya HCH, ziko za aina mbili, zinazolingana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Kiwandani hutoka nusu kwa nusu. Jua na mvua havibagui, ila vijidudu vya majini hupendelea aina moja, hivyo HCH iliyokaa baharini muda mrefu huwa imepoteza ulinganifu wake. Hewa iliyo juu ya maji yaliyo wazi ilikutwa na upungufu uleule wa majini. Barafu ilipoifunika bahari, alama hiyo ilififia. Sumu ilikuwa imekuja na hati yake ya kuzaliwa.

Kufikia hapo siasa ilikuwa imeanza kusogea, na moja ya hatua zake ilipigwa Nairobi. Januari 1999 wajumbe wa mataifa walikutana kwenye makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, Gigiri, kwa kikao cha pili cha kujadili mkataba wa kudhibiti sumu hizi. Sheila Watt-Cloutier, aliyewasemea Wainuiti, alimkabidhi Klaus Töpfer, mkuu wa UNEP, kinyago cha mama Muinuiti na mtoto wake. Kinyago hicho kikawa kinakaa mezani mbele ya mwenyekiti, John Buccini, kwenye vikao vilivyofuata.

Jambo zito lilikuwa DDT. Nchi za Afrika zilikuwa na hoja ya malaria, na hoja hiyo ina historia. Kati ya 1955 na 1959, Wapare na Wataveta, huku na huku kwenye mpaka wa Tanganyika na Kenya, walipuliziwa nyumba zao dieldrini, ndugu wa DDT, katika jaribio lililosimamiwa na taasisi ya malaria ya Amani. Malaria ilipungua sana, na upuliziaji uliposimama ikarejea. Mama wa Taveta alikuwa na sababu ya kuitaka dawa ya ukoo uleule wa sumu zilizokuwa zikimdhuru mama wa Nunavik. Wainuiti walilielewa hilo na hawakutaka mkataba utakaoacha watoto wa Afrika wafe kwa homa. Majadiliano yalifungwa Johannesburg mwezi Desemba 2000, mkataba ukapitishwa Stockholm mwezi Mei 2001 ukiwa na kemikali 12, na DDT ikaachiwa mlango mmoja, ule wa kupambana na mbu waenezao maradhi. Kenya na Tanzania ziliuridhia mwaka 2004, mwaka ulipoanza kutumika.

Ibara ya 16 ya mkataba huo haitajwi sana, nami naiona ndiyo yenye meno. Inataka utekelezaji upimwe kwa takwimu kutoka kila kanda. Hewa, maziwa ya mama na damu vikachaguliwa kuwa shahidi. Hapo Afrika ikajikuta karibu haina takwimu. Mashine kama ya Alert inahitaji umeme usiokatika na fundi wa kudumu.

Mkombozi alikuwa kifaa kisichovuta chochote. Mabakuli mawili ya chuma kisichoshika kutu yanafunikizwa, katikati linawekwa duara la sponji ileile ya Bermuda, na upepo unapita wenyewe. Kinachotundikwa hapo hunasa takriban mita za ujazo 4 kwa siku, kidogo mno ukilinganisha na Alert, lakini kikikaa miezi 3 kinatosha. Tom Harner wa Canada alianzisha mtandao wa dunia wa vifaa hivyo mwishoni mwa 2004. Mwaka 2008 kituo cha RECETOX cha Chuo Kikuu cha Masaryk, mjini Brno, Czech, kikishirikiana na wataalamu wa Afrika, kilivitundika katika nchi 15 za bara hili. Kenya vilikaa Dandora penye dampo, Kabete, eneo la viwanda la Nairobi, na Mlima Kenya, kwenye kituo cha hali ya hewa kilicho mita 3,678 juu ya usawa wa bahari. Huko mlimani ndiko unakopata hewa isiyo ya mtaa wowote, hewa inayotoka mbali.

Vipimo vya Afrika vilivunja dhana moja. Ilikuwa ikisemwa kwamba PCB ni tatizo la nchi za kaskazini zilizoitengeneza. Mwaka 2011 Rosalinda Gioia na wenzake walionyesha kwamba meli zinazopita Atlantiki zilikuta PCB ikipanda ghafla zikikaribia Afrika Magharibi, na wakanyooshea kidole taka za kielektroniki na meli kuukuu zilizotelekezwa. Vyombo vilivyochoka vilikuwa vimehamishwa, na sumu yake ikahama navyo. Tanzania tunayo Vikuge, Kibaha, ambako shehena ya viuatilifu, DDT ikiwemo, iliyotoka Ugiriki mwaka 1986 kama msaada, mingine ikiwa imeshapitwa na wakati, iliachwa ikaingia ardhini.

Kwenye maji yetu wenyewe habari ina mchanganyiko. Mwaka 1991 ilichapishwa kwamba silikanti, samaki wa kale wa vilindi vya Komoro, ana mabaki ya klorini mwilini. Kisha Haji Mwevura na wenzake wakapima mafuta ya pomboo walionaswa kwa bahati mbaya kwenye majarife karibu na Unguja, na kuchapisha mwaka 2010. Kati ya sumu zilizotengenezwa na binadamu DDT iliongoza, PCB ilikuwa kidogo. Lakini vilima vikubwa kuliko vyote kwenye mashine vilikuwa vya dutu za bromini ambazo hakuna kiwanda kilichozitengeneza. Hutengenezwa na viumbe vya baharini vyenyewe, kama mwani na sifongo. Mtafiti mwenye haraka angeandika kwamba pomboo wa Zanzibar wamejaa uchafu wa viwanda. Hawa walichukua muda kutambua kila kilima ni cha nani, na ndiyo maana namba zao zinaaminika.

Mwaka 2011 pia Jianmin Ma na wenzake walirudi kwenye rekodi za Alert na Zeppelin na kuona kwamba, barafu inavyorudi nyuma na joto kupanda, baadhi ya sumu zilizokuwa zimefungiwa baharini na barafuni zinarejea hewani. Mwaka 2017 Alan Jamieson alizikuta PCB kwenye viumbe wadogo wa shimo la Mariana, zaidi ya mita 10,000 chini ya uso wa bahari, kwa viwango vya juu kuliko kaa wa mashamba ya mpunga ya mto mmoja uliochafuka nchini China. PCB iliyotengenezwa duniani ni zaidi ya tani milioni moja. Mkataba ulitaka vifaa vyenye mafuta hayo viondolewe matumizini ifikapo 2025, na taka zake zishughulikiwe ifikapo 2028. Wakati huohuo nchini Kenya umekuwa ukiripotiwa mara kwa mara wizi wa mafuta ya transfoma, yanayouzwa mtaani na hata kutumika kukaangia chakula.

Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ni mahali pazuri kupimia kuliko watu wanavyodhani. Kaskazi inaleta hewa ya Uarabuni na Bara Hindi, kusi inaleta hewa ya bahari kuu ya kusini, na miezi ya kubadilika kwake kila nahodha anaijua. Mabakuli yakitundikwa Pemba, Mafia na Lamu, sponji ya kaskazi na ya kusi zikapimwa kila moja peke yake, tungejua kipi kinakuja na upepo na kipi tunakitoa wenyewe. Umeme hauhitajiki. Anahitajika mtu wa kupanda kubadilisha sponji kila msimu kwa miaka isiyopungua kumi, jokofu la kuzihifadhi, maabara isiyobadilisha mbinu zake katikati ya njia, na kwa kila kisiwa sponji moja iliyofunguliwa ikafungwa tena papo hapo.